Treni ikishavuka Kireka, pengo la nauli ni la nani?

Ukipanda taksi steji ya Kireka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kondakta hakuulizi unalala wilaya gani. Anakutajia bei tu. Mawingu yakitanda bei inapanda, shule zikifunguliwa inapanda, na siku jamu ya Nakawa imefungana hadi Banda inapanda kabla hujakalia kiti. Utanung'unika, utalipa, na ukifika utasema "maaso awo" ushuke. Mpaka wa Kampala na Wakiso uko hapo hapo karibu, lakini ndani ya gari lile la abiria 14 haumhusu mtu.

Treni ikipita sambamba na barabara hiyo hiyo, mpaka unazinduka. Unaanza kuuliza maswali ambayo kondakta hakuwahi kuyauliza. Nani alinunua mafuta ya kichwa cha treni? Nani ataweka fedha pale ambapo nauli haikutosha? Na kwa nini mlipa kodi wa Rubaga, ndani ya jiji, amlipie mtu wa Bweyogerere, nje ya jiji, safari ya kwenda nyumbani?

Mimi swali hili nilipewa na mama mmoja wa Kikongo, muuza vitenge, tuliyekaa naye behewa moja muda si mrefu baada ya huduma kuanza. Aliponisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu alifurahi, akavuta mzigo wake karibu, tukaanza kuongea. Alikuwa amepanga chumba Kireka.

"Kaka, hii treni ni ya mji ama ni ya serikali?"

"Ni ya wote wawili, mama, pamoja na kampuni."

"Eh! Watu batatu. Sasa siku ikisimama tutalilia nani?"

Nilicheka. Miaka miwili haikupita treni ikasimama, na swali la yule mama likabaki palepale bila mwenyewe. Kisa chenyewe ni hiki.

Reli ilifika Kampala mwaka 1931, ikitokea Tororo na kuvuka Nile pale Jinja. Kwa miaka mingi ilibeba watu na mizigo, kisha abiria wakaachwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ikabaki mizigo peke yake. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Ni kampuni hiyo, ikishirikiana na Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, yaani KCCA, iliyoanzisha treni ya abiria ya mjini Desemba 2015. Njia yake ilitoka kituo kikuu cha Kampala, ikapita Nakawa, Kireka na Namboole, ikaishia Namanve. Ilikwenda asubuhi na jioni, saa ambazo Barabara ya Jinja haipitiki.

Itazame hiyo njia kwenye ramani ya tawala. Kituo kikuu kiko Tarafa ya Kati na Nakawa ni tarafa mojawapo ya jiji, kwa hiyo hadi hapo uko kwa KCCA. Ukishapita Kyambogo na Banda umeingia Kireka, na Kireka ni Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso. Namboole, penye uwanja wa taifa wa Mandela, napo ni Kira. Namanve ni eneo la viwanda lililolalia Wakiso na Mukono kwa pamoja. Treni moja, safari isiyofika hata saa nzima, na tayari imepita mikononi mwa mamlaka tatu zenye bajeti tatu. Iliyoweka jina lake kwenye mradi ni moja tu, KCCA.

Oktoba 2017 mkataba wa Rift Valley Railways ulipokufa upande wa Uganda, treni ya abiria ilikufa nayo. Shirika la Reli la Uganda, URC, liliifufua Februari 2018. Baadaye ikasimamishwa tena ili njia ya Kampala hadi Mukono ikarabatiwe. Kila iliposimama, meya wa Kira hakuwa na cha kujibu, kwa sababu hakuwa na mkataba aliotia saini, na Mukono vivyo hivyo. Abiria walikuwa wao, treni haikuwa yao.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo pengo, maana wengi hudhani treni ikijaa basi inapata faida. Treni ya Namanve ilijaa asubuhi ikiingia mjini. Lakini ili irudi kuchukua abiria wengine ilibidi itoke mjini na viti vitupu, kwa sababu saa moja asubuhi nani anatoka Kampala kwenda Namboole? Jioni ni hivyo hivyo kinyume chake. Kila kiti kilicholipiwa kimebeba gharama ya kiti kingine kilichosafiri bure. Ongeza saa za mchana ambapo mabehewa yamepumzika huku walinzi, madereva na mafundi wakihesabiwa mishahara. Taksi haina shida hiyo. Inasubiri ijae ndipo iondoke, na mchana ikikosa watu inalala kivulini bila gharama kubwa. Kwa hiyo treni ya mjini yenye nauli ya chini ina pengo tangu siku ya kwanza, hata ikiendeshwa na malaika. Kilichobaki ni kujua pengo hilo linaandikwa kwenye daftari la nani.

Wenzetu wameshagombana sana juu ya daftari hilo, na ugomvi mkubwa kuliko wote ulikuwa London.

Mei 1981 chama cha Labour kilichukua Baraza la London Kubwa kikiwa na ahadi ya kushusha nauli. Oktoba mwaka huo, chini ya Ken Livingstone, nauli za mabasi na treni za chini ya ardhi zilishushwa kwa robo au zaidi. Fedha za kuziba zingetoka kwenye kodi ya majengo ya mitaa yote ya London, ikiongezwa peni 6.1 kwa kila pauni ya thamani ya jengo kwa hesabu za kodi. Mtaa mmoja wa kusini-mashariki, Bromley, ukakataa. Hoja yake ilikuwa fupi na inauma: Bromley haina hata kituo kimoja cha treni ya chini ya ardhi. Kwa nini wenye nyumba wake walipie treni isiyowafikia? Novemba Mahakama ya Rufaa iliwapa haki, na tarehe 17 Desemba 1981 majaji watano wa Baraza la Mabwana wakakubaliana wote: sheria ya 1969 ilitaka usafiri uendeshwe kiuchumi, na baraza lina wajibu wa uaminifu kwa walipa kodi wake, halikuruhusiwa kuwatwika mzigo kiasi kile ili kuwapendeza abiria. Machi 1982 nauli zilipandishwa zikakaribia kuwa mara mbili. Abiria wakapungua, magari yakaongezeka barabarani.

Wanafunzi wa sheria katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza hufundishwa kesi ya Bromley kama somo la mipaka ya madaraka. Mimi naisoma kama somo la ramani. Bromley haikuwa na kituo, lakini watu wake walifanya kazi katikati ya London, na barabara zake zilipumua kila abiria mmoja alipohamia treni. Majaji walikuwa na sheria mbele yao, na ndani ya sheria ile huenda hawakuwa na njia nyingine. Ila walichokiita mzigo wa Bromley kilikuwa pia faida ya Bromley, isipokuwa faida hiyo haikuwa na risiti. Na mwisho wake? Mwaka 1983 nauli zilishushwa tena kwa mpango mpya wenye kanda na tiketi moja ya basi na treni. Mwaka 1984 serikali kuu ikalinyang'anya baraza usafiri wote, na mwaka 1986 ikalifuta baraza lenyewe. Mitaa ilipogombana sana, mkubwa aliingia akachukua sahani.

Bromley yetu ni Nansana. Iko Barabara ya Hoima, ni manispaa kubwa ya Wakiso, na reli haipiti huko. Siku Wakiso itakapoambiwa ichangie treni ya Namanve, diwani wa Nansana atasimama na kusema maneno yaleyale ya Bromley bila kuwahi kusikia habari za Bromley. Entebbe nayo haina treni ya kuiunganisha na Kampala. Na watakuwa na hoja.

Toronto walikuja na kosa la aina nyingine. Tarehe 17 Desemba 2017 mstari wa kwanza wa treni yao ya chini ya ardhi ulirefushwa kilomita 8.6 ukavuka barabara ya Steeles, ambayo ndiyo mpaka wa jiji, hadi Vaughan katika eneo la York. Vituo sita vipya. Ujenzi uligharimu karibu dola bilioni 3.2 za Kanada, na wote waliweka mkono mfukoni: serikali ya shirikisho, jimbo la Ontario, jiji la Toronto na eneo la York. Hapo walifanya vizuri. Lakini walipofika kwenye gharama za kuendesha kila siku, mzigo ukabaki kwa shirika la usafiri la Toronto, yaani kwa walipa kodi wa Toronto. York ilipata vituo na ardhi iliyopanda bei kandokando yake. Toronto ikapata pengo.

Nauli nayo ikawa kichekesho. Aliyepanda treni Vaughan alilipa nauli moja ya Toronto na kufika hadi katikati ya jiji. Jirani yake aliyetoka nyumbani kwa basi la York kisha akaunganisha na treni hiyo hiyo alilipa mara mbili, nauli ya York na nauli ya Toronto. Kwa miaka mingi wakazi wa kaskazini wenye magari walikuwa wakiendesha hadi kituo cha kwanza upande wa jiji, wakaegesha, wakapanda kwa nauli moja. Mpaka wa nauli hauwazuii watu, unawahamisha tu mahali pa kupandia. Ilichukua hadi Februari 2024 kwa Ontario kukubali kulipa tofauti, ili abiria anayebadilisha kati ya mashirika alipe mara moja. Angalia nani alilipa: jimbo, aliye juu ya wote wawili.

Washington ndio waliokaa na kalamu mapema. Treni yao inapita mji mkuu na majimbo ya Maryland na Virginia, na mamlaka yake ilizaliwa kwa mkataba wa pamoja mwaka 1967. Pengo la treni kwa miaka mingi wameligawa kwa kanuni yenye mafungu matatu sawa: idadi ya watu ikipimwa pamoja na msongamano wao, makazi ya abiria wenyewe, na idadi ya vituo vilivyo katika kila eneo. Nauli inafuata umbali. Bado waligombana, bado walichelewesha michango, na ilibidi wangoje hadi 2018 ndipo wote watatu wakubali kutenga dola milioni 500 kila mwaka kwa ajili ya mitaji. Lakini waligombania namba. Hawakugombania swali la nani anahusika, lile walikwisha lifunga.

Nimejaribu kuileta kanuni hiyo kwenye treni ya Namanve. Hesabu inayofuata ni ya kubuni kwa upande wa fedha na abiria, nimechagua namba nyepesi ili msomaji azifuate kwa vidole. Tuseme kila safari inagharimu shilingi 4,000, abiria analipa 2,000, na wanasafiri watu 1,000 kwa siku. Pengo la siku ni milioni 2.

Tukigawa kwa vituo, Kampala ina viwili, Kira viwili, Namanve kimoja ambacho tutawatupia Mukono ili mfano uende. Kampala italipa 800,000, Kira 800,000, Mukono 400,000. Inaonekana haki, hadi ukumbuke kwamba kituo kikuu hakina wakazi wake, ni mlango tu wa watu wote. Tena kanuni hii inamwadhibu anayejenga kituo kipya. Kira ikiomba treni isimame mahali pa ziada, bili yake inapanda kesho yake. Utashangaa namna manispaa zitakavyoanza kukataa vituo.

Tukigawa kwa mahali abiria wanapolala, na tuseme wanane kati ya kumi wanalala nje ya jiji, Kampala italipa 400,000 na majirani 1,600,000. Wakubwa wa jiji wataipenda sana hii. Lakini hao wanane wakishuka Kampala wanakwenda wapi? Wanafungua maduka Kikuubo, wanasukuma toroli Owino, wanakaa mapokezi ya benki Barabara ya Kampala. Leseni ya biashara wanayolipia inaingia jijini. Jioni wanarudi Kira wakiwa wametema jasho lao Kampala, na Kira inawapa maji, takataka zao inazoa, watoto wao inawatafutia shule.

Tukigawa kwa idadi ya watu, sensa ya 2024 inatupa Kampala karibu milioni 1.8, Wakiso zaidi ya milioni 3.4 na Mukono kama laki tisa na thelathini elfu. Hapo Kampala italipa kama 590,000, Wakiso 1,110,000 na Mukono 300,000. Na hapo ndipo diwani wa Nansana anasimama.

Kuna wa nne atakayesema Kampala ilipe yote milioni 2, kwa sababu jamu inayopungua ni ya kwake. Sio mwenda wazimu.

Treni ileile, viti vilevile, na bili ya Kampala imetembea kutoka 400,000 hadi 2,000,000 kulingana na nani ameshika kalamu. Hivyo siamini mtu anayesema kuna mgawanyo wa haki ambao wataalamu watautafuta wautoe kwenye mkoba. Kuna mgawanyo unaokubalika, basi. Ukichukua wastani wa kanuni tatu za kwanza, Kampala inaangukia karibu 600,000, sawa na asilimia 30 hivi, na hakuna anayefurahi wala anayelia sana. Nadhani Washington walichanganya mafungu matatu kwa sababu hiyo hiyo, kila mmoja ashindwe kidogo.

Mpaka hapa mambo yanaonekana kama yanahitaji meza, chai na mhasibu. Shida ya Uganda iko chini zaidi.

Bromley iliweza kugoma kwa sababu ilikuwa na kitu cha kugomea, yaani kodi ya majengo iliyomgusa kila mwenye nyumba. Kwetu sheria ya kodi ya majengo ya 2005 iliisamehe nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani. Kira, Namugongo na Bweyogerere zimejaa nyumba za namna hiyo: mtu alinunua kiwanja kidogo, akajenga polepole miaka kumi, akahamia kabla hata ya kupiga lipu. Reli ikimpandishia thamani ya kiwanja, manispaa haipati kitu. Inayobaki kwa manispaa ni majengo ya kupangisha na ya biashara, leseni, ada za masoko na steji. Kisha kuna fedha kutoka hazina kuu, na sehemu kubwa ya hizo zinakuja zimefungwa kamba: hizi za walimu, hizi za zahanati, hizi za barabara. Mkurugenzi wa mji wa Kira hawezi kuchota fungu la zahanati akajazie mafuta ya treni hata akitaka. Ukimpelekea bili yake ya 800,000 kwa siku ataisoma, ataisifu, ataifungia kabatini.

Kampala yenyewe si tajiri kama majirani wanavyodhani. Tangu sheria yake ya 2010 ianze kutumika, jiji linasimamiwa na serikali kuu kupitia KCCA. Ilijaribu kupata fedha kwa watumiaji wa barabara. Baada ya chama cha zamani cha taksi, UTODA, kuondolewa kwenye ukusanyaji, kila taksi ilitakiwa kuilipa KCCA shilingi 120,000 kwa mwezi. Mpaka ukazinduka tena. Taksi ya Mukono inalala Mukono, inapakia Mukono, inashusha Kampala. Ni ya nani? Madereva waliimba wimbo mmoja miaka yote, kwamba wanatozwa ada na kila mwenye ofisi kati ya steji wanayotoka na stendi ya taksi wanayofikia. Ada ile haikuishia kwa dereva. Iliingia kwenye bei aliyoitaja kondakta wa Kireka, ikalipwa na yule yule abiria ambaye hakuna anayetaka kumlipia treni.

Nilipofika hapa nilibadilisha mawazo. Nilianza kuandika nikitaka kuonyesha namna manispaa zigawane pengo. Sasa naona kwamba kugawana kunahitaji watu wenye mifuko, na hapa mfuko uko mmoja, hazina kuu. Reli ni ya URC, na URC ni ya serikali. Mabehewa vilevile. Kama kila kitu kinachotembea ni cha serikali kuu, basi pengo nalo ni lake.

Najua jibu linalokuja, nimelisikia kwa afande mmoja mstaafu tuliyekuwa tukinywa naye chai Bweyogerere. Yeye ni wa Kitgum, mbali kaskazini mwa nchi, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kimenyooka kama fimbo. "Mwalimu, mama yangu iko kijijini. Yeye analipa kodi kwa sabuni, kwa sukari. Treni ya Namanve itampeleka wapi?" Niliagiza chai nyingine ili nipate muda wa kufikiri, na sikupata jibu zuri. Nililompa ni hili: mama yake analipia pia barabara za lami za Kampala zinazozibwa na jamu, na hizo ni ghali kuliko mabehewa. Akasema, "Hiyo ni kweli, lakini bado yeye hakupanda." Afande alikuwa sahihi. Bromley haiishi.

Kwa hiyo msimamo wangu una miguu miwili, na ule wa pili ni kwa ajili ya mama wa Kitgum. Hazina kuu ibebe njia, vichwa vya treni, mabehewa na ukarabati, kwa sababu hivyo vinabeba pia mizigo ya taifa zima na mama yule sukari yake huenda imepita juu ya reli hiyo. Pengo la kila siku la abiria wa mjini libaki kwa eneo la Kampala Kubwa peke yake, likatwe kutoka kwenye kitu kinachokusanywa kwa eneo zima bila kuangalia mpaka. Mimi ningeanzia kwenye leseni ya taksi: leseni moja kwa mwaka, inayotambuliwa Kampala, Wakiso, Mukono na Mpigi, badala ya ada ya kila mlango. Wenye taksi watasema wanalazimishwa kumlisha mshindani wao. Kidogo ndivyo. Lakini wataondokewa na ada za njiani, na wengi wao wanajua kwamba treni ikishusha watu Namboole, mtu wa kuwasambaza hadi Kyaliwajjala bado ni taksi na boda.

Hiyo ya kusambaza ningependa nikae nayo kidogo, kwa maana ndiyo inayosahauliwa kila nauli ya treni inapojadiliwa. Yule mama wa vitenge alikuwa na nauli tatu, si moja. Boda kutoka chumbani hadi kituo, treni, kisha mtu wa kumbebea mzigo kutoka kituo kikuu hadi mjini. Treni ilikuwa ndogo kuliko zote. Siku ya mvua boda ilipanda na akaona heri apande taksi moja kwa moja kutoka steji iliyo karibu na mlango wake, hata kama ni ghali kuliko treni. Ruzuku ya treni peke yake haimfikii. Toronto waligundua vivyo hivyo kwamba kushusha nauli ya treni huku basi la kukufikisha kituoni likiwa na nauli yake ni kumwagilia majani na kuacha mzizi. Kwetu boda haina tiketi wala kadi ya kuunganisha, kwa hiyo jambo la kufanya ni la udongo na saruji: njia za miguu zenye taa kutoka Kireka sokoni hadi kituoni, mfereji uliofunikwa, mahali pa kusimama pasipo na matope. Hiyo ni kazi ya manispaa na inaingia ndani ya bajeti za barabara. Hapo Kira ina mchango halisi wa kutoa, bila kuandikiwa bili ya mafuta ya treni.

Kuhusu bei yenyewe ya tiketi nina neno fupi. Isipangwe hatua ya nauli kati ya Nakawa na Kireka kwa sababu tu jiji linaishia hapo. Watu watashuka Nakawa na kutembea, kama wale wa Toronto walivyoegesha magari. Nauli inayoongezeka kidogo kwa umbali haina ubaya, abiria wa taksi wameizoea, lakini hatua iwekwe pale safari inaporefuka kweli, kwa mfano baada ya Namanve njia ikifika Mukono mjini. Na iwe ndogo. Walioko mbali hawakwenda mbali kwa kupenda mashamba, walifukuzwa na kodi za nyumba za Ntinda na Bukoto.

Meza ya kukalia ipo karibu tayari. Sheria ya KCCA ya 2010 ilitaja mamlaka ya kupanga ardhi na miji ya eneo la Kampala pamoja na Mpigi, Wakiso na Mukono. Kuna wizara ya Kampala na masuala ya eneo lake. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mpango wa dola milioni 566 unaowaweka pamoja washiriki tisa: KCCA, wilaya za Wakiso, Mpigi na Mukono, na manispaa za Entebbe, Kira, Makindye-Ssabagabo, Nansana na Mukono. Fedha zile ni za barabara, mifereji, masoko na kazi za namna hiyo, haziwezi kugeuzwa ruzuku ya nauli. Lakini tazama orodha. Nansana yumo. Entebbe yumo. Bromley zetu zote zimekwisha kaa upande mmoja wa meza na Kira, na zimezoea kuhesabiana barabara.

Karatasi ninayotaka iwekwe mezani hapo ina mistari michache tu. Pengo la abiria litahesabiwa na nani, kila baada ya miezi mingapi. Leseni ya pamoja italeta kiasi gani, na isipofika nani anaongeza. Asiyelipa kwa robo mwaka anapoteza nini, na isiwe kusimamisha treni, maana anayeumia hapo ni abiria asiyekuwa na deni. Na jina la ofisi moja, moja tu, yenye mlango na simu, ambayo mama wa vitenge ataenda kuulizia treni ikikosa kuja. Saini tisa, kabla tiketi ya kwanza ya Mukono haijakatwa.

Yeye alihamia Seeta baadaye, kodi ya Kireka ilipomshinda. Seeta ni Mukono. Huenda mjini kwa taksi, na anasema kondakta wa huko naye anatazama mawingu.